Laptopu Isiyoonyesha Uso

Katika ukoo wetu wote, mimi ndiye wa kwanza kumiliki kompyuta. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wa kwetu husahau upesi ni nani aliyetangulia. Niliinunua Doha, katika duka la vitu vilivyotumika, kwa mshahara wa kufua mashuka ya hoteli. Ilikuwa nene kama Biblia ya kanisani, nyeusi, na kitufe cha herufi A kilikuwa kimeng'oka, hivyo kila nilipoitaka A nilibonyeza kijipira kilichobaki chini yake. Kwa mashine hiyo niliandika kazi zote za diploma yangu ya usimamizi wa hoteli, nikiwa nimekaa juu ya kitanda cha juu katika chumba tulicholala wanawake wengi, waya wa chaja ukining'inia hadi sakafuni kwa sababu betri ilikuwa imekufa kabla sijaipata. Mtu akipita akaugusa waya, mashine ilizima na ukurasa ukapotea. Niliuandika upya. Wako waliochoka wakaacha. Mimi sikuacha. Diploma hiyo sasa imetiwa fremu, iko ukutani katika duka langu la dobi hapa Amalemba, mjini Kakamega, juu ya mashine ya kwanza ya kufulia, na wateja huisoma wakingojea suti zao.

Kwa hiyo, katika habari za laptopu, sikuwa mtu wa kufundishwa.

Kwetu, shangazi wa upande wa baba huitwa senje. Msichana akikaribia kuolewa, senje ndiye anayekaa naye chumbani na kumwambia yale ambayo mama yake hawezi kumwambia. Siku hizi mambo yameongezeka. Msichana akipata nafasi ya chuo, watu humtazama senje kwanza, halafu ndipo wanamtazama baba. Binti ya kaka yangu alipopata nafasi ya kusomea diploma ya kilimo kule Bukura, karibu na kwao kiasi cha kwenda na kurudi kwa miguu, nilipigiwa simu nikafunga duka mapema nikaenda.

Kaka yangu ni mkulima wa miwa. Tangu nirudi ananiita Mwarabu, na nimeacha kumkataza.

"Mwarabu," alisema nilipoketi, "umesikia? Mtoto anataka kwenda kusomea mahindi. Na mahindi yako hapo nje, hayalipishi."

"Ni udongo na mifugo, baba," msichana alisema.

"Ng'ombe wangu hajawahi kuomba kusomewa."

Tulicheka, naye akacheka, kisha akanyoosha goti lake bovu na kusema lililokuwa moyoni. Muhula wa kwanza angeulipia. Binti akifaulu, angetafuta wa pili. Akianguka, hakuna wa pili, kwa sababu miwa inataka mikono na yeye amebaki na goti moja la kutegemea. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya lori la kampuni kuja kubeba miwa. Msichana alitazama chini. Alikuwa na alama nzuri za shule ya upili, lakini dada yake mkubwa pia alikuwa nazo, na dada yake mkubwa alikuwa huko nyuma ya nyumba akipalilia.

"Laptopu nitanunua mimi," nilisema. "Na si ya kuokota. Mpya."

Mke wa kaka yangu, ambaye huniita Senje kama watoto wake wanavyoniita, alisema asante na kuinuka kwenda kuangalia chai.

Jumamosi hiyo nilimpeleka msichana mjini, kwenye duka la kompyuta lililo karibu na soko. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Aliweka laptopu mbili juu ya meza ya kioo. Moja ilikuwa nyeusi na nene, ya zile zilizotumika maofisini Ulaya zikasafishwa na kuletwa huku. Nilipoiona niliijua, ilikuwa ndugu wa ile yangu ya Doha, isipokuwa yenyewe ilikuwa na herufi A. Ya pili ilikuwa mpya, nyembamba, ya rangi ya fedha, na nembo ya kampuni katikati ya mfuniko iling'aa kama sarafu iliyosuguliwa. Tofauti ya bei yake na ile nyeusi ingetosha kununua mtamba.

"Hii nyeusi ni ya kazi," kijana alisema. "Hii nyingine ni ya kazi na heshima."

"Betri?"

"Hii ya fedha inakaa siku nzima, madam. Stima ikipotea, wewe hata hutajua."

"Na hii nyeusi?"

"Hiyo nayo inataka kukaa karibu na soketi kidogo."

Nilimwambia achomoe waya wa ile nyeusi. Aliuchomoa huku akinieleza habari za udhamini, na kabla hajamaliza maelezo, mashine ikazima. Alisema betri inaweza kubadilishwa. Nikamwuliza kama itabadilishwa kwa mpya au kwa nyingine iliyochoka, akacheka, akaacha kuisifu.

Wakati huo wote msichana alikuwa akifanya jambo ambalo sikulielewa. Hakubonyeza vitufe wala kuuliza chochote. Alifungua ile ya fedha ikiwa imezimwa, akaielekeza usoni, akaigeuza upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta kitu kilichokwama menoni. Kisha akaiweka chini akafungua ile nyeusi, akafanya vilevile.

"Senje," alisema, "hii ya fedha inaonyesha uso."

"Uso wako una kasoro gani?"

"Hii nyeusi haionyeshi."

"Siste, hiyo ni faida," muuzaji alisema. "Asubuhi unajipaka poda nayo, mchana unasoma nayo. Umenunua mbili kwa bei ya moja."

Nilidhani ni aibu ya msichana wa shamba mbele ya kitu kizuri. Nilikuwa nimeiona aibu hiyo kwa wasichana wengi waliofika Doha baada yangu. Walikuwa wakiogopa hata kukanyaga zulia. Dawa yake ni kumkanyagisha mtu zulia. Nilinunua ya fedha. Msichana alisema asante, Senje, kwa sauti ya mtu anayeongezewa obusuma, ugali wetu, ilhali ameshiba.

Siku ya kumkabidhi, walichinja kuku. Lazima niseme kwamba kaka yangu alinipa firigisi. Katika nyumba zetu firigisi ni ya mwenye boma, na mwanamke anaweza kuzeeka akiwapikia wanaume bila kujua ladha yake. Aliichukua kutoka sahani yake akaiweka kwenye yangu mbele ya watu, na mimi nikaila.

Baada ya kula, laptopu ilipitishwa mkono kwa mkono. Kila aliyeipokea alifuta viganja kwenye nguo kwanza. Jirani wa kaka yangu, dereva wa trekta la miwa, mtu asiyekosa penye kuku, aliifungua akajitazama, akachana ndevu kwa vidole.

"Hii ni ya waziri," alisema. "Mtoto wa miwa atafanya nini nayo? Akiibeba njiani watamsalimia kwanza ndipo wamnyang'anye."

"Wewe nyamaza," kaka alimwambia. "Yako ni trekta, na hata hiyo si yako."

Nilifurahi. Nilikuwa nimelipa kwa jasho langu, na kitu kilikuwa kikitazamwa na watu ambao miaka ile nilipoondoka walisema ningerudi mikono mitupu, kama ningerudi.

Halafu wingu likaja. Mtu wa Kakamega hahitaji kuelezwa. Asubuhi jua, mchana joto, na alasiri upande wa msituni unakuwa mweusi na radi inaanza kukoroma. Mke wa kaka yangu aliinuka katikati ya mazungumzo, na sisi tukaendelea kuzungumza kwa sababu hilo nalo limezoeleka. Alichomoa waya wa televisheni. Alichomoa chaja zote za simu. Akageuza kioo cha ukutani kikatazama ukuta, akafunika picha ya harusi yao yenye fremu ya kioo kwa kitambaa cha kufuma, akaingiza sufuria zinazong'aa kabatini na kufunga mlango wake. Kisha akaja mezani, akachukua laptopu kutoka mikononi mwa dereva.

"Hiyo haina waya, Mama," binti alisema.

"Ina uso."

Aliizungushia blanketi, akaiweka ndani ya kasha la mbao chini ya kitanda, akarudi kuketi mbali na dirisha, mikono ikiwa mapajani. Radi ya kwanza ilipopasuka, msichana alinitazama. Sasa nilikuwa nimeelewa alichokuwa akitafuta katika skrini mbili pale dukani.

Inafaa niseme jambo moja kuhusu mke wa kaka yangu, kwa sababu wasiomjua wanaweza kumcheka. Alipokuwa msichana, radi ilipiga nyumba ya jikoni ya kwao. Iliua ndama aliyefungwa nje, na kioo kidogo cha baba yake cha kunyolea, kilichotundikwa ukutani, kikapasuka vipande vilivyoruka hadi kwenye uji. Yeye alikuwa ameketi kando ya uji. Tangu hapo, kila kinachorudisha uso wa mtu hufunikwa mvua ikija. Huku kwetu wengi hufanya hivyo bila kujua sababu. Yeye sababu anayo.

Masomo yalianza, na tatizo likaonekana lilivyo. Darasa lilikuwa asubuhi. Akirudi nyumbani, msichana alikuwa na kuteka maji na kumkatia ng'ombe majani. Jioni alikamua, akapika. Usiku stima, kama haikukatwa na mvua ya mchana, ilikuwa ya baba yake na taarifa ya habari, na taa ya chumbani kwake ilikuwa imeungua, asiweze kusoma daftari zake gizani. Muda pekee ambao msichana wa nyumba ya miwa anaruhusiwa kuketi, na asiulizwe kwa nini ameketi, ni wakati mvua inanyesha. Hakuna anayekwenda shambani. Hakuna anayetumwa dukani. Mvua hiyo hunyesha karibu kila alasiri, saa nzima, wakati mwingine zaidi. Na ndiyo saa ambayo laptopu ilikuwa imelala ndani ya blanketi, betri imejaa.

Kazi za chuo zilitumwa kwa mtandao, zikiwa zimepigwa chapa na kupangwa vizuri. Ya kwanza, ripoti kuhusu udongo, aliiandika kwa simu yake ndogo, majedwali yakaingiliana, ikarudishwa. Ya pili haikufika kabisa. Alikuja Amalemba siku ya Jumamosi akaniambia hayo huku amesimama mlangoni, kati ya suti zilizotundikwa.

"Nikikosa nyingine sitafanya mtihani, Senje."

"Baba yako anajua?"

"Anajua. Ameniuliza kama jembe langu lina mpini."

Ndivyo anavyotania kaka yangu, lakini msichana hakucheka, na mimi sikucheka.

"Tubadilishe," alisema. "Tumrudishie yule kijana hii, tuchukue ile nyeusi. Mama hataifunika. Haionyeshi uso."

Nilifikiria. Sitadai kwamba sikufikiria pia firigisi, na dereva wa trekta, na maneno "si ya kuokota" niliyoyasema mbele ya watu. Lakini hayo hayakuwa yote. Kuna jambo nililolijua ambalo yeye hakulijua, kwa sababu yeye hakusoma miaka yake yote kwa waya uliochomekwa ukutani.

"Ile nyeusi inaishi kwa waya," nilimwambia. "Mama yako anaruhusu waya kwenye soketi radi ikilia?"

"Hapana."

"Basi utakuwa na laptopu isiyoonyesha uso, na isiyowaka."

 Mashine nyuma yangu ilikuwa imeanza kukamua, meza ikitetemeka.

"Sasa nifanye nini?"

 Nilimwambia anisaidie kukunja foronya, akazikunja vizuri, pembe kwa pembe, nami nikampa nauli akaenda.

Watu waliorudi kutoka nje hupenda kuanza kwa kubishana. Nimewaona. Anashuka tu, tayari anamweleza mama yake jinsi anavyokosea kuchemsha maji. Ningeweza kumweleza mke wa kaka yangu habari za umeme wa angani. Hoteli yetu ilikuwa na vyuma vya kuukinga juu ya paa na nilifundishwa kazi yake. Lakini hotelini nilijifunza jambo kubwa kuliko hilo. Mgeni akilalamika kwamba mto wake una harufu, hushiki mto ukaunusa mbele yake. Ukiunusa, umesema yeye ni mwongo. Unauchukua, unamwambia pole, unamletea mwingine. Wenzangu wengi walifukuzwa kwa kunusa mito. Mimi nilipandishwa cheo.

Lalamiko la mke wa kaka yangu lilikuwa mng'ao. Haya, mng'ao uondolewe.

Nilikwenda kwao nikamwambia naichukua laptopu kwa siku mbili. Aliitoa kwenye kasha akanipa na blanketi lake. Niliipeleka kwa fundi anayebandika stika kwenye pikipiki, nje ya soko. Nilimwambia nataka nyeusi, ya aina isiyong'aa, mfuniko mzima, na kingo, na chini.

Aliigeuza mikononi.

"Madam, watu wananiletea ya zamani nifanye ikae mpya. Wewe unaleta mpya nifanye ikae ya zamani?"

"Bandika."

"Itakaa kama zile za mitumba."

"Nimekuambia ubandike."

Alipofika kwenye nembo nilimsimamisha. Nilimwuliza kama anaweza kuacha kidirisha kidogo hapo, ili nembo ibaki wazi. Alisema anaweza, ni kukata tu kwa wembe. Aliigeuza ili aone pa kukata, jua likaipiga ile nembo, na doa la mwanga likaruka hadi kwenye shati lake. Katika laptopu yote, hicho ndicho kilichong'aa kuliko vyote. Nikamwambia aifunike pia.

Nilirudi Bukura Jumapili baada ya kanisa, jua likiwa kali. Kaka alikuwa nje, mguu wake juu ya kigoda.

"Mwarabu, hii umeitoa wapi? Ile umeuza?"

 Nilimpa mke wake.  Alitoka nayo hadi katikati ya ua, akaielekeza juani, akaigeuza polepole, macho yake yakiwa kwenye ukuta wa nyumba kutafuta doa la mwanga. Ukuta ulibaki ukuta. Akaigeuza chini juu, akaangalia tena. Hakuna. Kisha akaifungua, na pale nilijua nimefikia mwisho wa maarifa yangu. Skrini huwezi kuibandika stika. Nilikuwa nimeulizia ile karatasi ya plastiki ya kuondoa mng'ao, mji mzima, na kila muuzaji aliniambia nirudi wiki ijayo.

"Uso huu hapa," alisema. Hakuwa na hasira. Aliinua unywele uliotoka kwenye kitambaa chake akaurudisha ndani, akijitazama humo. "Asante kwa kujaribu, Senje. Lakini uso huu hapa."

Msichana alikuwa zizini. Alikuja mikono ikiwa na maji, akaifuta kwenye leso, akainyoosha juu ya mkono wa mama yake na kubonyeza kitufe. Skrini ikawaka, ukurasa mweupe, na juu yake kichwa cha ripoti ambayo haikuwa imeandikwa.

Mama yake aliinama. Alisogeza kichwa kushoto, kisha kulia, kama anayechungulia ndani ya chungu.

"Nimeenda wapi?"

"Ikiwaka haionyeshi, Mama."

"Na ukiizima?"

"Unarudi."

"Zima nione."

Ikazimwa. Alijiona. Ikawashwa. Alitoweka. Kaka yangu, pale kwenye kigoda, alisema kwamba kama kuna mashine ya kumwondoa mke na kumrudisha, yeye angeinunua hata kwa mkopo. Mke wake hakugeuka. Alikuwa akifikiri, na aliyeoa mwanamke kama yule alipaswa kujua kunyamaza wakati huo.

"Sikiliza," alimwambia binti yake. "Mimi radi ikilia nafunikanga kila kitu, unajua. Hii nitaiacha. Lakini iwe imewashwa, ama imefungwa kabisa. Nisiikute imelala wazi ikinitazama. Na hakuna waya. Na usikae dirishani."

"Nikiiwasha nifanye nini nayo, Mama?"

Aliuliza kwa uso mkavu kabisa. Nilimtazama msichana yule nikaona kwamba ni wa damu yangu.

"Kazi yako ya chuo. Kwani ulinunuliwa uchezee?"

Alasiri hiyohiyo mvua ilikuja. Kioo kikageuzwa, picha ikafunikwa, sufuria zikaingia kabatini. Msichana aliketi kwenye kona ya ndani, laptopu mapajani, akiandika. Kila mara skrini ilipojizima yenyewe kwa kutoguswa, sauti ilitoka upande wa pili wa chumba, "Imelala, washa," na alilazimika kuigusa, na akiigusa aliendelea kuandika. Nimesoma chini ya wasimamizi wa kila namna, wengine wamesomea kazi hiyo, na sikuwahi kuona msimamizi wa masomo kama mke wa kaka yangu wakati wa radi. Stima ilipotea mapema tu. Betri haikutetereka. Hapo nitajisifu kidogo, kwa sababu niliyeikataa ile ya waya ni mimi.

Ripoti ilitumwa, na zilizofuata zikatumwa. Mtihani aliufanya. Matokeo yalipotoka alinipigia simu dukani, nikamwambia asubiri, nikazima mashine zote ili nimsikie vizuri. Alikuwa amefaulu masomo yote, mawili kwa alama za juu kabisa. Kaka yangu alichukua simu. Alisema, "Mwarabu, huyu mtoto sasa atanifilisi," na nilijua muhula wa pili umelipiwa.

Nilikwenda kuwapongeza. Kulikuwa na kuku tena, na dereva wa trekta alikuwepo tena. Msichana alikuwa ameketi kwenye kona yake, laptopu imefungwa juu ya kigoda kando yangu, nyeusi, na pembe moja ya stika ilikuwa imeanza kuinuka kwa sababu ya kubebwa kila siku.

Dereva aliitazama.

"Kwa hivyo alifaulu na hii?" alisema. "Kumbe hata ya mitumba inafaulisha. Na ile ya waziri iko wapi, Senje? Ilirudi Uarabuni?"

"Ndiyo hii," mke wa kaka yangu alisema.

"Hii?" Alicheka, akamgusa kaka yangu begani. "Wamekudanganya hata wewe, mzee. Ile ilikuwa ya kukodisha siku ya kuku."

Watu walicheka. Kaka yangu alicheka kuliko wote, ingawa yeye alijua. Mkono wangu ulikuwa karibu na ile pembe iliyoinuka. Kucha yangu iliingia chini yake bila mimi kuituma, na chini ya ule weusi niliiona ile rangi ya fedha, ikimeta. Kungehitajika kuvuta kidogo tu. Stika za pikipiki hubanduka kwa mkupuo mmoja.

Msichana hakuwa anamtazama dereva. Alikuwa akitazama kidole changu.

Nje, upande wa msituni, radi ilikoroma kwa mara ya kwanza. Niliibonyeza ile pembe ikarudi chini, nikaisugua kwa kidole gumba hadi ikashika. Mke wa kaka yangu alikuwa ameshainuka, ameshika kioo cha ukutani, akikigeuza.

"Washa," alimwambia binti yake, bila kutazama nyuma.